Santuri, CD au kaseti: ununue ipi kama unalipenda jalada?

Albamu moja ikitoka leo inaweza kuuzwa kwa sura tano au sita: santuri yenye jalada la kawaida, santuri yenye jalada la kukunjua, CD kwenye kasha la plastiki, CD kwenye jalada la kadibodi, kaseti, na lile boksi kubwa linalolengwa kwa mashabiki wa damu. Nyimbo ni zilezile. Na kwa kuwa nyimbo hizo unazo tayari kwenye simu, anayetoa pesa apate kitu cha kushika mkononi ananunua, kwa sehemu kubwa, ganda lake: picha, karatasi, maandishi, na jinsi linavyofunguka. Ubishi wa sauti ipi ni bora nawaachia wenye mashine zao. Hapa nalinganisha maganda tu.

Kipimo changu ni kimoja na nakitaja mapema. Jalada zuri ni lile linaloyapa macho na mikono kazi wakati muziki unapigwa. Wimbo wa kwanza unaanza, unalishika, na albamu inapokwisha bado kuna kitu ulikuwa hujakiona. Jalada linalotazamwa siku ya kununuliwa kisha likasahaulika rafuni limeshindwa, hata likipakwa dhahabu. Kwa hiyo kabla hujachagua, jiulize wewe husikiliza vipi: umekaa chini, uko safarini, unapenda kusoma maneno ya nyimbo, au unataka kitu cha kupamba ukuta?

Santuri na dakika zake 20

Zamani hakukuwa na majalada ya kuzungumzia. Sahani za mizunguko 78 kwa dakika ziliuzwa katika mifuko ya karatasi isiyo na picha, na kazi ndefu iliyohitaji sahani kadhaa ilifungwa pamoja kama kitabu, jalada lake la kahawia au kijivu, jina limeandikwa mgongoni. Alex Steinweiss, kijana aliyeajiriwa na Columbia Records mwaka 1939, aliwashawishi wakubwa wake wamruhusu achore majalada hayo, na mwaka 1940 la kwanza likatoka. Columbia ilipoleta santuri ya muda mrefu mwaka 1948, ile ya mizunguko 33⅓ yenye dakika 20 na ushei kila upande, yeye ndiye aliyeshughulikia pia ganda jembamba la kadibodi tunalolijua. Umbo hilo halijabadilika sana tangu hapo.

Dakika hizo 20 ndizo zinazolipa jalada la santuri nguvu yake. Ukishashusha sindano, huna cha kubonyeza wala cha kuruka. Umekaa, mikono mitupu, na pembeni yako kuna picha ya sentimita 31 kwa 31, ukubwa unaotosha uso wa mtu mzima. Utalichukua tu. Sioni ajabu kwamba nchini Marekani, mwaka 2022, santuri ziliuzwa kwa idadi kubwa kuliko CD kwa mara ya kwanza tangu 1987, na wakati huohuo karibu kila mtu anasikiliza muziki kwenye intaneti. Watu hao hawakukosa nyimbo.

Hata hivyo, si kila picha inahitaji sentimita 31. Lipunguze jalada kwenye simu yako hadi litoshe ukucha wa kidole gumba, kisha litazame. Kazi ambazo Reid Miles aliwabunia Blue Note, kampuni ya santuri za jazi, katika miaka ya 1950 na 1960, akitumia picha za Francis Wolff, zinastahimili jaribio hilo bila shida: herufi kubwa, rangi moja au mbili, picha iliyokatwa bila huruma mpaka kikabaki kile tu kinachosema. Kadhalika pembetatu ya kioo inayopasua mwanga kwenye albamu ya Pink Floyd ya 1973, The Dark Side of the Moon, iliyotoka mikononi mwa Hipgnosis, studio ya wabunifu wa majalada, na mchoraji George Hardie. Mawazo ya namna hii yanaishi kwa ukubwa wowote, na mwenye nafasi ndogo nyumbani anaweza kununua CD bila kujutia jalada la mbele.

Sasa chukua michoro ya Ghariokwu Lemi kwa albamu za Fela Kuti. Askari, wabeba mizigo, waheshimiwa, mandhari ya mtaa, maneno yaliyofichwa pembeni, kejeli juu ya kejeli. Au Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band ya 1967, kazi ya Peter Blake na Jann Haworth, ambapo umati mzima wa watu mashuhuri umesimama nyuma ya The Beatles. Ukiyapunguza majalada haya unabaki na vurugu ya rangi. Kwayo nasema nunua santuri bila kusita, kwa sababu utakuwa unayasoma zaidi ya kuyatazama.

Halafu kuna majalada yanayotaka mkono. Hapa santuri haina mpinzani. Albamu ya kwanza ya The Velvet Underground, 1967, ilikuwa na ndizi ya Andy Warhol unayoweza kuimenya: ganda lake ni stika, na ndani yake kuna ndizi ya waridi. Led Zeppelin III ya 1970 ina gurudumu la kadibodi ndani ya jalada. Ukilizungusha, picha zinabadilika kwenye matundu. Miaka mitano baadaye, kwenye Physical Graffiti, bendi hiyohiyo ilikata madirisha ya jengo lililo jaladani, na sura zinazochungulia zinategemea umeingiza mfuko upi wa ndani na kwa upande gani. Ukikaa na jalada kama hilo mkononi, nusu saa inapita hujui imekwenda wapi.

Ubunifu ukizidi, sahani ndiyo inayoumia. Sticky Fingers ya The Rolling Stones, 1971, ilitoka na zipu halisi kwenye picha ya suruali. Nakala ziliporundikwa kwa usafirishaji, zipu ya moja iliibonyeza sahani ya nyingine na kuiharibu. Dawa ikawa kuishusha zipu nusu kabla ya kufunga mzigo, ili shinikizo liangukie karatasi ya katikati ambako hakuna muziki. Ukiwa na nakala yenye zipu, iweke mwisho wa rafu au uikinge kwa kadibodi ngumu.

*Jalada la kawaida au la kukunjua?* Wauzaji hulinadi la kukunjua kama la hadhi ya juu, na mara nyingi bei yake ni kubwa. Mimi silichukulii hivyo. Likiwa na sahani mbili ni sawa, kila sahani ipate mfuko wake. Likiwa na sahani moja, fungua kwanza uone ndani kuna nini. Ndani ya The Dark Side of the Moon mstari wa rangi unaendelea na kugeuka mapigo ya moyo, yaleyale yanayosikika mwanzo na mwisho wa albamu. Huo ni ukurasa uliostahili kufunguliwa, na waliongeza mabango na stika juu yake. Lakini matoleo mengi ya siku hizi yana picha moja ya giza iliyokuzwa ijaze nafasi, bila neno. Hapo bora jalada la kawaida lenye karatasi ya maneno ya nyimbo ndani yake: unasimamisha jalada mbele yako, karatasi unabaki nayo mkononi, na vyote viwili vinafanya kazi kwa pamoja.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni ule wa 1968, albamu ya The Beatles yenye jalada jeupe tupu, iliyobuniwa na Richard Hamilton. Nje kuna jina la bendi lililobonyezwa bila rangi na namba iliyopigwa kwenye kila nakala. Ndani kuna bango kubwa la picha zilizochanganywa na picha nne, moja kwa kila mwanamuziki. Nje inakunyima, ndani inakupa. Kwenye skrini ya simu hilo ni jalada lisilo na kitu. Mkononi ni jambo jingine kabisa.

Kuhusu uimara, kadibodi huchakaa kwenye kingo, na santuri zikilazwa moja juu ya nyingine duara la sahani hujichora juu ya picha. Zisimamishe wima, zisibanane. Mifuko ya ndani ya karatasi tupu hukwaruza sahani. Ile iliyochapwa picha ni mizuri lakini mingi ni migumu. Nunua mifuko myepesi yenye utando wa polithini, weka sahani humo, ule wenye picha ukae nyuma yake. Mifuko ya nje ya PVC laini iepuke, kwani baada ya muda inaweza kuacha ukungu kwenye sahani ambao hautoki.

CD: plastiki inayodharauliwa na kadibodi inayosifiwa

Nitalitetea kasha la plastiki, maana halitetewi na wengi. CD iliingia sokoni mwaka 1982 ikiwa sahani ya sentimita 12, na kasha lake likapata lawama ambazo halijawahi kuzitua: linapasuka likianguka, vishikio vya mlango vinavunjika, meno ya katikati yanakatika. Yote kweli. Ila vipimo vyake ni vilevile kwa karibu albamu zote, kwa hiyo likivunjika unachukua kasha jingine tupu, unahamisha karatasi na sahani, na albamu imekuwa mpya. Jalada jingine gani linaweza hivyo? Kadibodi ikichanika imechanika. Tena plastiki inakinga karatasi dhidi ya msuguano na vidole vyenye unyevu, ndiyo maana vijitabu vya CD vya miaka ya 1980 vingi bado ni safi.

Na kijitabu ndicho ushindi wa CD. Santuri inakupa ukuta, CD inakupa kitabu. Kurasa zinafuata mpangilio wa nyimbo, unafunua kadiri muziki unavyosonga, na unajua nani kapiga besi kwenye wimbo wa nne kabla haujaisha. Kwa matoleo ya muziki wa zamani yenye maelezo marefu ya mtafiti, CD yenye kijitabu kinene inanifaa kuliko santuri ileile yenye aya mbili mgongoni. Tatizo ni herufi. Wabunifu wengi wanaandika kwa herufi ndogo mno, nyeupe juu ya picha, na msomaji mwenye miwani anateseka. Kijitabu kikiwa kinene sana pia hubanwa na vile vishikio vya plastiki, ukikivuta kwa haraka kinachanika pembeni. Kitoe polepole, ukikipinda kidogo katikati.

Dijipaki, yaani kadibodi inayokunjuka yenye kitako cha plastiki kilichogandishwa kwa gundi, ndiyo inayosifiwa na mashabiki. Ina joto mkononi, haina kelele ya plastiki, na picha moja inaweza kutambaa kwenye paneli tatu au nne bila kukatika. Nikiiona imetumiwa hivyo, naichagua. Udhaifu wake ni kwamba jino moja la kitako likivunjika sahani inaanza kuzunguka ndani na huna pa kupata kitako kingine. Pembe hulika haraka, nyeusi ikageuka nyeupe, hasa albamu ikitolewa na kurudishwa kila siku. Kama CD zako zinasafiri nawe au zinashikwa na watoto, plastiki ni salama zaidi. Kama zinakaa nyumbani na wewe ndiye mshikaji pekee, dijipaki itakupa raha zaidi.

Ile bahasha nyembamba ya kadibodi isiyo na kitako wala kijitabu siipendekezi kwa yeyote anayejali jalada. Mgongo wake ni mwembamba kiasi kwamba jina halisomeki rafuni, na sahani inakwaruzwa kila inapoingia na kutoka. Tofauti yake ni zile CD za Japani zinazoiga santuri za zamani kwa udogo: kadibodi nene, mfuko wa ndani uliochapwa kama wa asili, na ule ukanda wa karatasi uitwao obi unaozunguka jalada. Zinatengenezwa kwa uangalifu wa kushangaza, ingawa kwa kuzisoma utahitaji kioo cha kukuzia.

Wako waliokataa kabisa kwamba CD ni santuri iliyopungua. Pet Shop Boys, mwaka 1993, walitoa Very katika kasha la plastiki ya rangi ya chungwa lenye vinundu, lililobuniwa na Daniel Weil. Unalitambua kwa kidole gizani. Spiritualized, mwaka 1997, wakatoa albamu iliyofungwa kama dawa, na katika toleo maalumu CD imo ndani ya karatasi ya fedha unayoibonyeza mpaka ipasuke, kama kidonge. Na Tool, mwaka 2006, kwenye 10,000 Days, wakaweka lenzi mbili kwenye jalada lenyewe. Unalisogeza machoni, unafunua kurasa, na picha zinapata kina huku muziki ukiendelea. Lilishinda Grammy ya ufungaji bora wa albamu, na kwa kipimo changu hakuna CD iliyofanya kazi yake vizuri kuliko hiyo. Ukipenda albamu kama hizi, usihangaike kutafuta santuri yake kwa ajili ya ganda. CD ndiyo iliyobuniwa.

Kaseti

Hapa nitakuwa mfupi. Kaseti, iliyoletwa na Philips mwaka 1963, ina jalada lililosimama, refu kuliko upana wake, na picha nyingi za albamu ni mraba. Matokeo yake ni ama picha kukatwa pande mbili, ama kuachwa mraba mdogo juu na maandishi chini yake. Mbunifu mvivu anaishia hapo. Mbunifu anayejali anachora upya kwa umbo hilo, anarefusha karatasi ya ndani ikunjuke mara tano au sita, na anachagua rangi ya kaseti yenyewe ioane na picha. Kaseti ya namna hiyo ni kitu cha kupendeza sana: inakaa mfukoni, mlango wake unafunga kwa mlio mzuri, na karatasi ndefu inakupa cha kufuata safarini. Ikiwa picha imekatwa tu na ndani ni peupe, acha.

Maboksi makubwa na vitabu vya picha

Kwenye boksi naangalia kitabu kwanza. Kama kina picha za studio, maelezo ya kila kipindi cha kurekodi na nakala za karatasi halisi za kazi, boksi lina thamani yake. Kama kilichojaza nafasi ni skafu, kadi za posta na sarafu za bati, pesa yako imelipia uzito. Angalia pia kama sahani zinatoka bila mapambano. Metal Box ya Public Image Ltd, 1979, ni ubunifu wa kukumbukwa, sahani tatu ndani ya kopo la bati kama lile la filamu za sinema. Lakini sahani zilibanana humo kiasi kwamba kuzitoa kulikuwa kazi, na kila kuzitoa ni hatari ya mkwaruzo. Nalistahi kama kitu. Kwa kusikiliza ningenunua toleo lenye majalada ya karatasi.

Albamu za K-pop kutoka Korea Kusini zinastahili kutajwa peke yake, kwa sababu zimegeuza mpangilio juu chini: kitabu cha picha ndicho albamu, na CD imebandikwa jalada la nyuma kama mgeni. Uchapaji wa vingi vya vitabu hivyo ni mzuri kweli, karatasi nene, picha zilizopangwa kwa mawazo, na kila toleo la albamu ileile lina mandhari yake. Mtu anayependa kitu cha kufunua anapata zaidi hapa kuliko kwenye santuri nyingi. Kinachoniumiza ni zile kadi za picha zinazowekwa kwa bahati nasibu, zinazomfanya shabiki anunue albamu ileile tena na tena apate sura ya mwimbaji wake. Hila hiyo si ngeni: Led Zeppelin mwaka 1979 walitoa In Through the Out Door kwa majalada sita tofauti, yote yamefunikwa mfuko wa karatasi ya kahawia ili mnunuzi asijue kapata lipi. Ushauri wangu ni kuchagua toleo moja ambalo picha zake umeziona na kuzipenda, na kadi unayoitaka uitafute kwa kubadilishana na mashabiki wenzako. Yapo pia matoleo yasiyo na CD kabisa, kadi tu na njia ya kupakua muziki. Ukinunua kwa ajili ya ganda, hayo yana machache ya kukupa.

Nakala ya zamani au toleo jipya?

Swali hili huja mwisho, nalo hubadilisha hesabu yote. Toleo jipya ni safi, lakini mara nyingine picha yake imenakiliwa kutoka jalada lililokwisha kuchapwa kwa sababu filamu za asili za kuchapia zimepotea. Dalili ni rahisi kuziona: geuza nyuma usome herufi ndogo kabisa. Zikiwa na ukungu, au nyuso za mbele zina vidoti na vivuli vilivyoziba, umeshika nakala ya nakala. Nakala ya zamani ina wino wake halisi, ila vilivyomo huenda vimetoweka. Kwa ile albamu nyeupe ulizia bango na picha zote nne. Kwa Led Zeppelin III zungusha gurudumu lote uone kama halijakwama. Kwa ndizi ya Warhol angalia kama stika bado ipo. Ikiwa imemenywa, bei iakisi hivyo. Santuri itoe mfukoni uione pande zote mbili chini ya taa, na CD ya zamani ifungue kijitabu katikati: pini zikishika kutu, doa hupenya kurasa kadhaa. Muuzaji akikataa usifungue, nunua kwingine.